Kumtumaini Mungu mzigo ukishakushinda: mtu hufanya nini hasa?

NyotaYaUmoja
Hamjambo wana jukwaa. Nina swali na naomba nijibiwe kwa utulivu, si kutupiwa aya na kupitwa.

Figo za mume wangu zilikufa mwaka jana. Sasa ni mashine ya kusafisha damu mara mbili kwa wiki, muda wa saa nne kila akiingia, na akitoka hana nguvu hata ya kukunja blanketi. Kazi yake ya mjengo iliishia hapo. Duka langu hapa Umoja nimeliuza rafu moja baada ya nyingine, maana bima inalipa sehemu yake, lakini nauli, vipimo, sindano za kuongeza damu na chakula chake havingoji. Kodi imelala. Kifungua mimba yuko kidato cha tatu na barua ya karo iko juu ya meza.

Kwenye ushirika wa nyumbani naambiwa, "Mama, Mungu hakupi mzigo usioweza kuubeba." Nimeitikia amina mara nyingi. Ukweli ni kwamba huu umenishinda. Sijaacha kuomba wala kuamini kwamba yupo. Ninachotaka kujua ni hiki: kumtumaini Mungu ukiwa umeshindwa kabisa ni kufanya nini? Ni kunyamaza? Ni kujilazimisha kutabasamu mbele ya watu? Jumatatu nikiamka, mtu anayemtumaini Mungu anafanya nini ambacho asiyemtumaini hafanyi?

Mchungaji_Dandora
Pole sana mama. Nimeliweka jina lako kwenye maombi ya alfajiri.

Neno unaloambiwa lina msingi wake, 1 Wakorintho 10:13. Mungu ni mwaminifu, hatawaacha mjaribiwe kupita mwezavyo. Kutumaini ni kukabidhi. Ukishakabidhi, usiuchukue tena kila usiku unapozima taa. Na msifu kabla jibu halijaja. Paulo na Sila waliimba gerezani Filipi usiku wa manane, miguu ikiwa kwenye mkatale. Waliimba kabla ya tetemeko.

MwalimuMstaafu
Mchungaji, kwa heshima zote, sura hiyo isomwe tangu mstari wa kwanza. Paulo anawakumbusha Wakorintho habari za Israeli jangwani: sanamu, uasherati, kunung'unika. Anasema juu ya kuvutwa kutenda dhambi, kwamba hakuna anayelazimika kuanguka. Hasemi juu ya figo wala kodi ya nyumba. Na mtume huyo huyo, akiwaandikia watu hao hao barua ya pili, sura ya 1 mstari wa 8, anasema kule Asia "tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi." Kuliko nguvu zetu. Ni maneno yake mwenyewe.

Kwa hiyo dada Nyota, ukisema mzigo umekushinda hujakufuru. Soma pia 1 Wafalme 19. Eliya, muda mfupi tu baada ya moto kushuka Karmeli, amelala chini ya mretemu akiomba afe. Malaika hakumkemea. Alimwamsha ale, akamwacha alale tena, akamwamsha mara ya pili na kumwambia, "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Mbinguni walikubali kwamba safari imemzidi.

Nimefundisha somo la dini katika shule za Eastlands mpaka nikastaafu. Hapakosi mtoto aliyefiwa na mzazi, halafu mtu mzima akamwambia Mungu anajua ana nguvu za kubeba. Mtoto wa darasa la sita! Msemo huo nimeuchukia kwa sababu ya watoto hao.

Makanga33
Mwalimu amerudi na chaki 😄 Ijumaa kutakuwa na mtihani.

Mama Nyota, pole sana. Mimi naona jambo ni rahisi kuliko mnavyoliweka. Gari letu la Pipeline liliposhikwa na kulala yadi, tajiri alituachisha sote. Dereva akaketi nyumbani akiomba. Mimi niliomba pia, lakini nikisukuma mkokoteni wa maji. Nilirudi barabarani, yeye akarudi ushago. Biblia inasema Mungu humsaidia anayejisaidia. Fanya lako naye atafanya lake. Mungu si Athumani.

MwalimuMstaafu
Makanga33, mstari huo haumo. Tafuta kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo. Na mama huyu amejisaidia mpaka akauza duka. Unamtuma akajisaidie wapi tena?

Makanga33
Sawa mwalimu, nimesikia. Lakini kuketi tu nako hakulipi kodi.

BintiMajengo
Asalaam alaikum nyote. Dada Nyota, Allah amfanyie mumeo wepesi.

Swali la Makanga kwetu Waislamu ni la zamani. Bwana mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mungu. Akaambiwa: mfunge, kisha tegemea. Imo katika hadithi za Tirmidhi. Na khalifa Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Shamu, pande za Syria, akasikia tauni imeingia huko, aliugeuza msafara. Abu Ubayda akamuuliza, unaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Akajibu, naam, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuelekea kadari ya Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo kwenda hospitali, kuuza duka, kubisha hodi kwa watu, vyote vimo ndani ya kutawakali, yaani kumtegemea Mungu.

Sisi nasi tuna aya inayotumika vile vile kama hiyo ya ushirika wenu, ya mwisho wa Al-Baqara: Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Watu huisoma wakaishia hapo. Aya ile ile inaendelea na dua: Mola wetu, usitutwike tusichokiweza. Tumefundishwa kuomba hivyo. Basi anayemwambia Mola wake "hiki sikiwezi" anaomba kama alivyofunzwa.

NesiWaUsiku
Nafanya kazi chumba cha mashine za figo, hospitali ipi haidhuru. Naandika nikiwa mapumziko.

Nyota, kabla ya mambo ya roho: unalala? Unakula? Hiyo habari ya Eliya ningeibandika ukutani pale jamaa za wagonjwa wanapoketi. Mgonjwa ana kitanda, ninyi mna benchi, na hakuna anayewapima presha. Nimeona wake za watu wakizimia pale pale mlangoni.

La pili. Tulikuwa na mgonjwa, mama kijana, aliyeambiwa kwenye maombi kwamba amepona na kuendelea na mashine ni kukosa imani. Akaanza kukosa vipindi. Figo zisipofanya kazi maji hujaa mpaka mapafuni, potasiamu hupanda kwenye damu, na ikipanda sana moyo husimama. Aliletwa usiku, na hatukuweza kumrudisha. Alikuwa akimtumaini Mungu kuliko mimi. Nikisikia mtu akisema "acha dawa, amini tu," damu hunichemka.

Kwa hiyo Jumatatu yako, kwa maoni yangu, ni kupima maji anayokunywa, kumpunguzia ndizi, parachichi na nyanya, kukata viazi vipande, kuvichemsha na kuyamwaga yale maji. Hakuna anayeyaita hayo maombi. Mimi nayaita.

Mchungaji_Dandora
Nesi, anayemwambia mgonjwa aache mashine anamjaribu Mungu, kama Shetani alivyomtaka Yesu ajitupe kutoka juu ya hekalu. Hezekia aliahidiwa na Mungu mwenyewe kwamba atapona na kuongezewa miaka 15, na bado Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ahadi ilikuwepo na dawa ikatumika.

Lakini tusiishie kwenye viazi. Mungu huponya, nimeona kwa macho yangu. Tukimnyima mama huyu tumaini la muujiza kwa sababu kuna wahubiri wabaya, tutakuwa tumemwibia.

SwaliTu
Nimesoma yote kimya. Naomba niulize, na sitaki kumkwaza mtu. Nimelelewa kanisani, na mama yangu ni wa jumuiya mpaka leo.

Agosti 7, 1998. Jengo la Ufundi liliporomoka kando ya ubalozi wa Marekani. Mliokuwa wadogo waulizeni wazazi wenu kuhusu Rose. Alikuwa hai chini ya kifusi, waokoaji wakaisikia sauti yake, na nchi nzima ikaomba, makanisa kwa misikiti. Mwanamume aliyenaswa karibu naye alitolewa akiwa hai. Rose alitolewa akiwa amekufa. Bomu lile liliua watu 213 hapa Nairobi.

Yule aliyetoka tulisema Mungu ni mwema. Kwa Rose tukasema nini? "Mungu alimpenda zaidi." Hapo ndipo nilipokwama. Ikiwa kila tokeo linampa Mungu sifa, kutumaini kuna maana gani? Nauliza kwa sababu nataka kujua. Mama yangu naye anaumwa.

BintiMajengo
Allah amponye mamako. Kuhusu Rose sina jibu, na ningeona haya kukutungia.

MtuWaMathare
SwaliTu, mimi si msomi wa dini, nitasema niliyoyaona. Mafuriko ya Aprili 2024, mto uliingia ndani usiku watoto wamelala. Nikawapandisha juu ya paa la jirani. Asubuhi hapakuwa na nyumba. Halafu ikatoka amri kwamba walio ndani ya mita 30 za mto wahame, matingatinga yakaja kumaliza kilichobaki. Sauti ya Mungu sikuisikia popote.

Nilichoona ni mama mmoja Msomali akishuka kutoka Eastleigh na sufuria za wali, na vijana wa mtaa ambao kila mtu huwaita wezi wakifunga kamba kuvusha wazee. Mimi nasema kama Mungu alifika Mathare siku ile, alifika kwa miguu hiyo.

SwaliTu
Hao ni majirani wema. Kwa nini usiwashukuru wao, yakaisha?

MtuWaMathare
Nimewashukuru. Kijana mmoja nilimnunulia viatu, vyake vilichukuliwa na maji. Lakini ningekuwa mahali pake mimi nisingeshuka kwenye maji yale. Kwa hiyo najiuliza ni nini kilimshusha, na sina jina lingine la kukiita.

MpwaWaShangazi
SwaliTu, umegusa nyumbani. Shangazi yangu alikuwa kazini mjini siku ile ya 1998. Walisikia mlio wa kwanza, wa guruneti, wakakimbilia dirishani kutazama. Bomu lenyewe lilipolipuka vioo vyote vikawajia usoni. Wengi waliopofuka siku ile walipofuka hivyo, na yeye ni mmoja wao.

Mtu akimwambia Mungu alikuwa na kusudi, shangazi hukasirika sana. Husema, "Sijapewa maelezo, na ya kubuniwa sitaki. Nikifika nitamuuliza mwenyewe." Na bado yuko kwaya, sauti ya pili. Niliwahi kumwambia hayo yanafanana na kumlaumu Mungu. Akaniambia mtu usiyemwamini humdai majibu, unamwacha aende zake.

Mimi sijui nilichukuliaje. Nawaachia kama alivyosema.

MwalimuMstaafu
Shangazi yako amekaa na Ayubu. Watu hupenda sura mbili za kwanza, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa," wakaruka zaidi ya sura 30 ambamo mtu yule analia, anahoji, anataka kesi yake isikilizwe. Marafiki zake walifanya jambo moja jema: waliketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Walipofungua vinywa wakaanza kumtetea Mungu. Na mwishoni, 42:7, Mungu akawakasirikia wao, akasema hawakunena yaliyo sawa kama mtumishi wake Ayubu.

Halafu mtu asome Zaburi ya 88. Inaanza kwa kilio na kuishia gizani, haigeuki kuwa faraja mwishoni. Na imo katika kitabu cha sifa.

Jirani_Kayole
Kwa kuwa watumishi wa Mungu wako hapa: kesha ya Ijumaa nyuma ya steji ya kwetu, spika zimeelekezwa dirishani kwangu mpaka saa kumi na moja alfajiri. Nina mtoto mchanga. Mungu anasikia hata kunong'ona.

Makanga33
Hamia Pipeline ndugu, huku kesha ziko pande nne, huwezi kujua ya kukasirikia ni ipi.

Mchungaji_Dandora
Si kanisa langu! Mimi niko Dandora na saa nne usiku tumezima.

NesiWaUsiku
Spika zifunguliwe uzi wao. Mleta mada ana mgonjwa.

NyotaYaUmoja
Nimesoma kila neno, mengine mara mbili. Asanteni.

Mwalimu, mstari wa Paulo nimeunakili kwenye karatasi, uko jikoni. Binti Majengo, mimi ni Mkristo lakini dua ile nimeisema jana usiku na sikuona kama nimekosa. Nesi, habari za viazi nilijua, za nyanya sikuzijua. Kulala silali.

Lakini Eliya aliletewa mkate. Mimi nani ananiletea? Watu wa ushirika huja, huimba vizuri, huomba kwa machozi ya kweli, halafu wanakunywa chai kwa sukari yangu na kuondoka. Siwachukii. Wakishatoka naosha vikombe nikijiuliza kama sala ile imeniondolea kitu au imeniongezea.

Na Mchungaji, muujiza nautaka. Nikimpeleka naamini. Nikimwona wamemchoma zile sindano nene mkononi naacha kuamini. Tukiteremka matatu kurudi nyumbani naanza tena. Hiyo ni imani au siyo?

FundiGikomba
Mama Nyota, hiyo ya sukari imeniuma. Nitaandika marefu kidogo.

Mimi nashona Gikomba. Soko letu huungua, kila mtu anajua, na moto wa Juni 2018 uliua watu 15. Kwangu ulichukua cherehani na mali za wateja. Wanachama wenzangu wa chama cha kuweka akiba, si wa kanisa moja na wawili ni Waislamu, hawakuniuliza "tukusaidie vipi?" Aliyeunguliwa hajui ajibu nini. Mmoja alichukua karo ya mtoto mmoja. Mwingine aliniachia cherehani yake mchana, yeye akawa anashona usiku. Wa tatu hakuwa na kitu kabisa, akawa anakuja kila jioni kunisindikiza mpaka steji ili nisiingie baa. Huyo ndiye aliyenisaidia kuliko wote. Maombi yalikuwepo pia, mafupi, tumesimama.

Sasa sikiliza. Mpigie kiongozi wa ushirika, na usiseme "mniombee" peke yake. Taja watu na siku: huyu ampeleke mgonjwa Ijumaa, huyu alete chakula Jumanne, huyu azungumze na mwenye nyumba maana anamheshimu. Wengi si wabaya, hawajaambiwa la kufanya. Wakikataa, umewajua. Kuhusu shule, nenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu na barua ya hospitali kabla mtoto hajarudishwa nyumbani. Kuna basari ya kaunti na ya eneo bunge. Ulizia fomu kwenye ofisi ya diwani wa wadi na ofisi ya mbunge. Peleka mapema, foleni ni ndefu.

Ukiniuliza kutumaini ni nini, nitasema ni kukubali kusaidiwa. Kwangu ilikuwa ngumu kuliko kuomba.

MbeguNaMavuno
Mnamzungusha mama wa watu. Tatizo lake ni kwamba mlango wa baraka umefungwa. Apande mbegu ya dhabihu, hata kama ndiyo ile ya kodi. Mjane wa Sarepta alimpa Eliya mkate wa mwisho na unga haukuisha pipani. Mama, niandikie faraghani nikupe nambari ya madhabahu.

NesiWaUsiku
Nyota, usimwandikie.

MwalimuMstaafu
Umeitaja Sarepta, basi uimalize. Eliya alikaa katika nyumba ile ile, chumba cha juu, akala yeye, mjane na jamaa yake siku nyingi. Unga ulibaki pipani kwa mjane, hakuutuma mahali. Huyo nabii wako yuko tayari kuhamia Umoja ale kwa mama Nyota?

Makanga33
😂😂 Shakahola ilianza hivi hivi, pole pole.

MwalimuMstaafu
Tusichanganye, Makanga. Shakahola mwaka 2023 watu waliambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu, na miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Huyu anataka pesa. Ni ubaya wa aina nyingine.

Mchungaji_Dandora
Hapo sikubaliani nawe, Mwalimu. Yote mawili yanaanza kwa kumfundisha mtu kwamba kuuliza ni kukosa imani. Akishakubali hilo unaweza kumpeleka popote, msituni au benki. Hata mimi mwenye kanisa naliogopa.

MbeguNaMavuno
Mimi nilipanda nikiwa na deni la Fuliza, ule mkopo wa simu, na nyumba imefungwa kwa kufuli. Mwezi ule ule nikaitwa kazi Eneo la Viwanda. Ushuhuda wangu hamwezi kuufuta.

SwaliTu
Hakuna anayeufuta. Lakini waliopanda wakakosa kazi hawapewi maikrofoni. Tumerudi kwa Rose na yule aliyetolewa.

KijanaZimmerman
Dada Nyota uliuliza kama imani ya kuja na kutoka ni imani. Marko 9, baba mwenye mtoto mgonjwa alimwambia Yesu, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Alisema yote mawili kwa pumzi moja, na mtoto wake akaponywa. Hakuambiwa aende kwanza akakamilishe imani.

Lakini ninayoishikilia mimi ni Danieli 3. Vijana watatu mbele ya tanuru wanamwambia mfalme, Mungu wetu aweza kutuokoa. Kisha wanaongeza, "Bali kama si hivyo," hatuinamii sanamu yako. Nimehitimu chuo zamani na kazi sijaipata. Kila nikituma maombi ya kazi nasema maneno hayo. Yananizuia nisimfanye Mungu kuwa mwajiri.

Mchungaji_Dandora
Amina kijana. Ila angalia mpangilio wao: walianza na "aweza." Siku hizi tunakimbilia "kama si hivyo" ili tusiaibike tukikosa jibu. Mama Nyota, omba ukitaja unachotaka. Omba figo.

SwaliTu
Hiyo ya Zimmerman ndiyo ya kwanza kwenye uzi huu ambayo haikunikasirisha. Lakini wale watatu walitoka tanurini wazima. Wangeteketea tungekuwa tunawasoma?

MwalimuMstaafu
Waebrania 11. Wengine walifunga makanwa ya simba na kuzima nguvu za moto. Fika mstari wa 35, katikati, inageuka ghafla: wengine walipigwa kwa mawe, wakakatwa kwa misumeno. Ni sura ile ile, na wote wanasifiwa kwa imani ile ile. Mwandishi hatuambii kwa nini hawa walitoka na hawa hawakutoka.

SwaliTu
Hatuambii. Haya, nitaisoma nikiwa na mama.

BintiMajengo
Nami nitaongeza hili kwa ajili yako, SwaliTu. Nabii Yaakub alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Wanawe wakamlaumu kwa kulia. Akasema anamshtakia Mwenyezi Mungu sikitiko lake na huzuni yake. Huyo ndiye aliyesema pia "subira njema." Kwa hiyo wanaotuambia subira ni kutolia, sijui wamemsoma Yaakub gani.

NyotaYaUmoja
Fundi, nimempigia kiongozi wa ushirika. Alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza mume wangu hula nini. Anakuja Jumamosi na akina mama wawili. MbeguNaMavuno, nafurahi ulipata kazi, lakini pesa ya kodi siigusi.

Nina swali lingine ambalo linanisumbua kuliko la kwanza. Kitinda mimba wangu yuko gredi ya nne. Anaomba kila usiku baba apone, na jana ameniuliza, "Si atapona kwa sababu ninaomba?" Nikajifanya nimeitwa nje. Nimwambie nini?

Mchungaji_Dandora
Mwambie ndiyo. Imani ya mtoto usiitie maji.

NesiWaUsiku
Mchungaji, hapana. Mwambie baba anatunzwa, madaktari wanajitahidi, na Mungu anamsikia. Asipewe ahadi ambayo si yetu kuitoa.

BintiMajengo
Mwambie Inshallah, na uimaanishe.

Wa_Kariobangi
Huwa nasoma tu humu, siandiki. Nilikuwa mtoto huyo. Niliambiwa ndiyo. Baba alipofariki nilijua kosa ni langu, kwamba kuna usiku nililala kabla ya kumaliza kuomba. Sikumwambia mtu yeyote mpaka nikawa mtu mzima. Mama, chochote utakachomwambia kuhusu baba, mwambie pia kwamba si maombi yake yanayoshikilia uhai wa baba yake. Mwambie wazi, kwa maneno hayo.

NyotaYaUmoja
Asante Wa_Kariobangi. Akirudi shule leo nitaongea naye.

Mchungaji_Dandora
Nimesoma, Wa_Kariobangi. Bado naamini mtoto aombe bila kuwekewa mipaka, ila hilo lako aambiwe. Mama Nyota, Ijumaa hii ya mashine kuna mtu wa kwenda naye?

NyotaYaUmoja
Bado.

FundiGikomba
Ijumaa mchana soko huwa limepoa. Niandikie saa na mahali, nitakuja kukaa kwenye hilo benchi, wewe ukalale.